Makafi Mawili, Pigo Moja

Kwa Kinyamwezi mihayo ni maneno, na Mungu naye ana utani wake, kwa maana Damas Mihayo wa Igalula alizaliwa na maneno machache kuliko jiwe la kusagia. Ukimsalimia ataitikia. Ukimuuliza habari za shamba atakwambia nzuri. Ukitaka zaidi ya hapo, mtafute Uwesu.

Uwesu alikuwa na akiba ya kuwatosha wote wawili. Huyu alikuwa mtoto wa mjini Tabora, mtaa wa Ng'ambo, baba yake fundi makubadhi, wa ukoo wa Kimanyema uliokuja na misafara enzi za mababu, ukanogewa na mahali, ukasahau kurudi. Aliongea akila, aliongea akiendesha baiskeli, na mama yake aliapa kwamba aliongea hata usingizini, tena kwa mpangilio, kutoka hoja ya kwanza mpaka ya mwisho. Hakuna aliyejua watu hawa wanapatanaje. Lakini walipatana, wakapatana mpaka Josepha, mke wa Damas, akawa anamwita Uwesu "mke mwenzangu".

Kazi iliyowakutanisha ilikuwa ya asali. Warina asali wa misituni huko hukusanya mavuno yao kambini, na lori haliwezi kuingia kila mahali. Basi pipa hufungwa kamba, likatundikwa kwenye mti mrefu, na watu wawili wakautia mti ule begani, mmoja mbele mmoja nyuma, pipa likining'inia katikati. Huko ndiko kubeba mzegazega. Babu wa babu yake Damas alibeba pembe za ndovu hivyo hivyo kutoka Unyamwezi hadi pwani, na ukoo mzima ulirithi kwake mabega mapana na kanuni moja: wa mbele akikanyaga kulia, wa nyuma akanyage kushoto. Mkienda sare kama askari wa gwaride, mti unaruka, pipa linabembea, na kabla hamjafika popote kiuno kimekwisha. Mkipishana, mzigo unatulia wenyewe.

Damas alikaa nyuma siku zote. Wa mbele huona njia, wa nyuma huona mgongo wa mwenzake, na Damas aliujua mgongo wa Uwesu kuliko alivyoujua uso wake. Kwa mabega yale tu aliweza kutambua kama mwenzake hajala, kama amegombana na mkewe, au kama ana hadithi inayomwasha na anatafuta pa kuanzia. Ilikuwa kazi ngumu na wote wawili waliipenda.

Mwalimu Recheli aliwaona stesheni ya Igalula. Alikuwa binti wa wakulima wa Puge, Mmoraviani wa kuimba sauti ya pili, mwalimu wa michezo katika sekondari moja ya Tabora mjini, mwembamba, mwenye filimbi shingoni hata siku ya Jumapili. Alikuwa amekwenda Mwanza kwenye mafunzo ya ukocha, na badala ya kurudi na cheti peke yake kama wenzake, akarudi na mtumbwi wa mashindano uliochoka, wa faiba, mrefu na mwembamba, umefungwa juu ya lori la mizigo. Lori liliposimama Puge watu waliuzunguka, wakauliza marehemu alikuwa na urefu gani. Recheli alicheka njia nzima. Sasa mtumbwi alikuwa nao, bwawa la Igombe lilikuwa pale nje kidogo ya mji, alichokosa ni watu. Siku hiyo alikwenda Igalula kununua asali, akawaona wawili wakishusha mapipa, akayatazama mabega yale, akaisahau asali.

"Mmewahi kupiga kafi?" aliwauliza.

"Kafi, mwalimu?" Uwesu alisema. "Sisi samaki tunamjua akishakaangwa."

"Kuogelea je?"

"Huyu mwenzangu anajua. Mimi najua kupiga kelele mpaka watu waje."

Recheli alimgeukia Damas. Damas alifikiri kidogo, kisha akasema, "Tutakuja."

Mtumbwi wa mbio za watu wawili hauna kiti. Unapiga goti moja, mguu wa pili unautanguliza, na kila mtu ana kafi moja na upande wake mmoja. Uwesu mbele alipewa kushoto, Damas nyuma akapewa kulia. Usukani haupo, wa nyuma ndiye anayeunyoosha mtumbwi kwa kafi lake. Mbio zao ni mita mia tano, mstari ulionyooka, na ukipepesuka kidogo tu maji yanakupokea. Bwawa la Igombe liliwapokea mara nyingi sana, hata akina mama waliokuja kuchota maji wakaanza kuja mapema ili wapate nafasi nzuri ya kutazama.

Waliacha kuanguka, lakini jambo likabaki. Nguvu walikuwa nazo za kung'oa kisiki, na mtumbwi haukwenda. Uliruka. Ulitupa kichwa huku, ukatupa mkia kule, kama mbuzi anayevutwa kupelekwa mnadani. Recheli alikimbia ukingoni akipuliza filimbi.

"Pamoja!" alipiga kelele. "Nimesema pamoja!"

"Tuko pamoja, mwalimu!" Uwesu alijibu, na wala hakuwa anatania. Waliamini kabisa wako pamoja.

Mwisho Recheli akawarekodi kwa simu, akakaa chini kutazama. Kafi la Uwesu likiingia majini, la Damas liko hewani. La Damas likiingia, la Uwesu linatoka. Tena si kwa kukosea hapa na pale kama wanafunzi wengine. Hawa walikosea kwa ufundi, kila pigo, bila kupoteza hata moja. Alizisogeza picha zile mbele na nyuma, akachoka, akaamua labda hawa watu ni wabishi tu.

Jibu alilipata Igalula alipoirudia asali yake. Aliwaona wakitoka msituni na pipa, Uwesu mbele akisimulia kitu, Damas nyuma kimya, na macho yake yakashuka yenyewe miguuni mwao. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Pipa limetulia kama limelala. Recheli akashika mdomo, akashika tumbo, akakaa juu ya gunia la karanga la mtu asiyemjua, akacheka mpaka machozi.

"Mungu wangu!" alisema. "Mnabeba mtumbwi mzegazega!"

Na ukifikiri, wangejifunzia wapi kwenda sare? Huku kwetu kila kazi ya wawili ni ya kupishana. Wanawake wawili kwenye kinu kimoja, mchi wa huyu ukipanda wa yule unashuka. Wapasua mbao, huyu avute yule aachie. Hata kuongea, alisema Uwesu, watu wenye adabu hupokezana, ingawa jambo hilo yeye mwenyewe hakuwahi kulionyesha kwa mfano. Kanuni ya mababu ilikuwa imekaa kwenye mifupa yao, na mifupa haisikii filimbi.

Recheli alifuta machozi, akawaza. Halafu akamwangalia Damas.

"Kwenu bado mnalima kwa ngoma?"

"Tunalima," Damas alisema.

"Mpeleke huyu."

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Mama yake Damas, Mama Levina, ndiye aliyeongoza kikundi cha kulima pale kijijini, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika stesheni bila simu. Watu walijipanga mstari mmoja, majembe mikononi, ngoma ikiwa nyuma yao. Uwesu alifika amevaa viatu vya mpira vya kuazima, vikubwa, vikiitikia kila hatua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mke mwenza wa Josepha?"

Mstari mzima ulicheka. Uwesu akainama kwa heshima kama bibi harusi, wakacheka zaidi, na kabla hajaongeza lake ngoma ikaanza.

Majembe yalipanda pamoja, yakakaa hewani kidogo, yakashuka pamoja, na ardhi ikatoa sauti moja tu. Kisha ikasikika sauti ya pili, ndogo, ya peke yake: jembe la Uwesu, kama mtu anayesema amina wakati wenzake wameshakaa. Akajaribu tena, akawahi mno. Akajaribu tena, akapitiliza, nusura akate ncha ya kiatu cha kuazima. Na muda wote huo alikuwa akieleza kwa nini.

"Mwanangu," Mama Levina alisema bila kuacha kulima, "ngoma haisubiri umalize hadithi."

Uwesu akafunga mdomo. Damas, aliyekuwa pembeni yake, alishtuka kidogo, kwa sababu katika miaka yote ya mapipa hakuwahi kuusikia ukimya wa mtu huyu. Jembe la Uwesu likapanda na wenzake, likangoja na wenzake, likashuka. Sauti moja. Likapanda tena. Sauti moja. Walikuwa wakiimba wimbo wa kumcheka mvivu, na Uwesu, ambaye Kinyamwezi chake ni cha sokoni, aliimba maneno ambayo hakuyajua maana, kwa nguvu zote, na jasho likamtiririka. Walilima hivyo siku baada ya siku mpaka Mama Levina akasema anafikiria kumwomba mwalimu alete wanamichezo wengine.

Waliporudi Igombe na kupiga goti mtumbwini, Damas aliutazama mgongo ule, akauona ukivuta pumzi, na kafi lake likashuka bila kuulizwa, wakati uleule. Mtumbwi haukuruka. Uliteleza. Maji yaligawanyika puani, yakafunga nyuma, na ukingo ukaanza kukimbia kwa namna ambayo hakuwahi kuuona ukikimbia. Damas Mihayo alicheka kwa sauti, peke yake, katikati ya bwawa. Akina mama waliweka ndoo chini na kupiga vigelegele. Recheli alipuliza filimbi mpaka ikakosa pumzi.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio kama wao. Kwenye mchujo wa taifa kule Mwanza walitoka wa pili, nyuma ya Benjamini na mwenzake, watoto wa Ziwa Victoria waliozaliwa na kafi mkononi. Mitumbwi miwili ikachaguliwa kwenda Entebbe, Uganda, kwenye mashindano ya nchi za Afrika Mashariki na Kati. Igalula nzima ilijua. Mama Levina aliwapa karanga za kukaanga za kutosha kulisha timu zote, na Uwesu akaanza kujitambulisha kwa watu kama mchezaji wa kimataifa kabla hata ya kuvuka Bukoba.

Sasa nikwambie lililomkuta Damas Entebbe.

Yule aliyepiga kafi na Benjamini aliteguka bega siku ya mazoezi ya mwisho, akabaki nyumbani. Benjamini alisafiri hivyohivyo, peke yake, kijana mpole mwenye mwili wa kuchongwa, akitembea ukingoni mwa ziwa kama mtu aliyefiwa. Siku moja kabla ya mbio, Mzee Adriano, katibu wa chama cha mitumbwi, alimwita Damas kando, nyuma ya hema la vifaa. Adriano hakuwa mtu mbaya. Alipenda ushindi, na alipenda kusema mambo yalivyo.

"Damas, mwanangu, baada ya hapa kuna mashindano ya Afrika nzima. Tutapeleka mtumbwi mmoja. Kesho mkiingia fainali, mtumbwi huo ni wenu, wewe na mwenzako, na sitabadilisha neno. Msipoingia, nakuchukua wewe, nakuweka na Benjamini. Yule mwenzako atarudi nyumbani."

Damas alimtazama.

"Ana maneno mengi na mikono mifupi," Adriano alisema. "Wewe hukosi chochote, umeelewa? Kwa vyovyote vile wewe unaendelea. Na usimwambie. Ukimwambia ataharibika."

Kwa vyovyote vile wewe unaendelea. Mtu mwingine angelala usingizi mnono kwa maneno hayo. Damas alitembea nayo hadi jioni. Alikaa mezani na Uwesu, Uwesu akiwachekesha vijana wa Burundi kwa habari za mapipa ya asali, na Damas akaisogeza mbali sahani yake ya ndizi. Alimpenda mtu huyu, ndiyo hali halisi, na hakuwahi kuwa na sababu ya kulisema. Sasa sababu ilikuwepo, na alikuwa amekatazwa kufungua mdomo, yeye ambaye hata bila kukatazwa hakuufungua.

Nusu fainali ilipigwa asubuhi, na ziwa lilikuwa halijatulia. Upepo ulitoka kushoto, upande wa Uwesu, ukiyasukuma maji kwa mawimbi mafupi ya kuudhi. Mitumbwi minane ilijipanga kati ya mistari ya maboya. Wanne wa kwanza wangeingia fainali. Kulia kwao walikuwa Wakenya wawili wenye shingo kama nguzo, kushoto Wazambia waliokuwa wakiomba kwa sauti.

"Jirani," Uwesu aliwaambia Wakenya, "mkitutangulia mtusalimie huko mbele. Tuko njiani."

Wakenya walicheka. Damas hakucheka. Aliutazama mgongo ulio mbele yake na kuona kwamba Uwesu, pamoja na utani wote, alikuwa amekaza mabega hadi masikioni. Anaogopa, Damas aliwaza, na hajui hata cha kuogopa.

Honi ikalia.

Mama yangu, zile mbio! Mitumbwi minane iliruka kama iliyopigwa fimbo moja, na ziwa likachafuka lote. Mapigo ya kwanza ni ya kuutoa mtumbwi kwenye usingizi, mafupi, ya haraka, na Uwesu aliyapiga vizuri, na Damas akayapiga naye, sauti moja, sauti moja. Wimbi likaja kutoka kushoto, likaipiga pua, Damas akaurudisha mtumbwi kwenye mstari kwa ncha ya kafi bila kupoteza pigo. Walikuwa wa tano. Ukingoni Recheli alikuwa akikimbia, gauni amelikunja mkononi, akiita majina yao ya ubatizo na ya Kiislamu kwa pamoja. Katikati ya njia wakawapita Wazambia. Wa nne! Damas aliona pua yao ikitangulia sentimita kwa sentimita, na furaha ikampanda kama homa.

Ndipo Uwesu akachoka.

Damas aliliona kabla Uwesu mwenyewe hajalijua. Bega la kushoto lilishuka. Pigo moja likawa fupi, lililofuata likachelewa, na mwili ule uliochoka, ukiwa hauna tena akili ya kukumbuka shamba la Mama Levina, ukarudia ulichokijua tangu zamani. Kafi la Uwesu likaingia majini wakati la Damas linatoka. Mtumbwi ukaruka. Ukatupa kichwa, ukatupa mkia. Wazambia wakarudi ubavuni.

Damas angeweza kuendelea kuvuta. Hilo alilielewa wazi, kwa namna mtu anavyoelewa mambo mengi kwa nukta moja. Jukwaani Mzee Adriano alikuwa anaitazama mikono mirefu ya Damas. Benjamini alikuwa anatazama. Kila pigo lake zuri lilikuwa likimtafutia nafasi yake, na kila pigo bovu la mwenzake lilikuwa likimfungia mwenzake mlango. Hakuna ambaye angemlaumu. Kwa vyovyote vile wewe unaendelea.

Akaliacha kafi hewani.

Pigo zima, aliliacha. Mita mia tano za mbio za kimataifa, na mtu amepiga goti, kafi juu, hafanyi kitu, anautazama mgongo wa mwenzake na kungoja. Jukwaa liliguna. Wazambia wakapita, na Waganda wa njia ya mbali wakapita, na akina Damas wakawa wa sita. Uwesu akainua kafi lake, likafika juu, likasimama hapo kwa muda ule mdogo ambao kitu chochote kinachoinuliwa husimama kabla ya kushuka.

"Lima!" Damas aliunguruma.

Sauti ile Uwesu hakuwahi kuisikia. Ilitoka nyuma yake kama ya mtu mwingine, nene, ya kutisha, na makafi mawili yakashuka kama moja.

"Lima!" Sauti moja. "Lima!" Sauti moja. Mtumbwi ukainuka, ukaacha kuruka, ukateleza. "Lima! Lima, Uwesu! Lima!" Wakenya, waliokuwa mbele kidogo, waligeuza macho wakitafuta shamba liko wapi, na katika mbio hizi kugeuza macho ni kosa. Waganda walikamatwa. Uwesu sasa hakuwa na pumzi wala fahamu, alikuwa jembe tupu, likipanda likishuka, na nyuma yake ile sauti haikumwacha hata nukta moja. Wazambia wakawa ubavuni. Mwisho ulikuwa pale, maboya mekundu, pua na pua, na Damas alitia pigo la mwisho kwa nguvu zote alizojaliwa, akiusukuma mtumbwi kutoka chini ya magoti yake kama mtu anayesukuma mlango.

Wakavuka. Wote wawili wakainama mbele, wakihema. Hakuna aliyejua nani kamtangulia nani.

Ubao ulichukua muda. Majina ya watatu wa kwanza yalitoka, Wakenya wakiwa wa tatu, kisha ubao ukakaa kimya, na Recheli akageuka akaupa mgongo kwa sababu moyo ulimshinda. Halafu mstari wa nne ukawaka: Tanzania.

Sitajaribu kuzieleza kelele za Recheli. Uwesu aliruka kutoka mtumbwini kabla haujafika gatini, akasahau kwamba hajui kuogelea vizuri, wakamvuta nje kwa jaketi okozi akikohoa na kucheka. Damas alikaa gatini miguu ikining'inia, akicheka chinichini kama mtu aliyekuta kitu alichodhani kimepotea. Mzee Adriano alishuka kutoka jukwaani akakatiza majini, suruali imeloa hadi magotini.

"Basi," alisema, akimpiga Damas begani. "Neno langu ni neno langu. Mnabaki wawili."

Uwesu alikuwa akijikamua shati. "Tungebaki wangapi, mzee?"

Adriano alimtazama Damas, akaona kwamba Damas alikuwa ameweka siri yao kama alivyoagizwa. Basi akaeleza yeye mwenyewe, yote, waziwazi, pamoja na mikono mifupi. Alisema mambo yalivyo, kisha akaondoka kwenda kutafuta chai.

Uwesu aliacha kujikamua shati. Alikaa chini gatini kando ya rafiki yake.

"Ulijua," alisema.

"Ndiyo."

"Ulipoacha lile pigo, ulijua?"

"Ndiyo."

"Mnyamwezi wewe," Uwesu alisema, na sauti ikamkatika katikati ya neno. Alijifuta uso kwa shati lililoloa, likamwongezea maji. "Ungeniacha nikarudi zangu Ng'ambo. Ungekuwa bingwa na yule mtoto mzuri."

"Sipendi mgongo wake," Damas alisema.

Uwesu alicheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo halipendezi kulitazama, na Recheli akageukia ziwa kwa adabu.

Fainali ilikuwa alasiri ileile. Kwa ukweli wote, hapakuwa na chochote kilichobaki ndani yao. Wangoni wawili wa Malawi waliondoka na mbio zile mapema, Wakenya wakafuata, na mtumbwi wa Tabora ukaja nyuma ya wote, wa nane kati ya minane, mbali kiasi kwamba wengine walikuwa wameshaanza kujifuta maji. Lakini kila pigo la mtumbwi ule lilikuwa moja. Makafi yalipanda pamoja, yakashuka pamoja, kutoka honi mpaka maboya mekundu, na Recheli alisema baadaye kwamba hajawahi kuona kitu kizuri hivyo kikienda polepole hivyo. Walipovuka, Uwesu aliinua kafi juu ya kichwa kwa mikono miwili, akapiga yowe, na Damas nyuma yake akapiga yowe pia. Watazamaji wakadhani hawa watu wamesoma ubao vibaya.

Adriano aliwapokea gatini, taulo mkononi, uso umekunjamana.

"Mmekuwa wa mwisho," aliwaambia taratibu, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. "Wa mwisho kabisa. Mnashangilia nini?"

"Wa mwisho, ndiyo, mzee," Damas alisema. "Lakini wawili."

Adriano alimtazama yeye, akamtazama mwenzake, akacheka mwenyewe, akawarushia taulo.